Maswali ya Wasomaji: Je, Kila Ufunguo wa Muziki Una Hisia Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja hapa Nyakato, Mwanza. Tuna wimbo wa shukrani ambao kwa miaka mingi tumeuimba katika ufunguo wa E flati, yaani do yake ni noti ya E flati. Kwa kuwa waimbaji wa sauti ya kwanza wamekuwa wakilalamika kwamba noti za juu zinawachosha, nilimwomba mpiga kinanda aushushe hadi C. Wazee wa kwaya wameukataa kabisa, wakisema kwamba wimbo umekufa. Mpiga kinanda naye anawaunga mkono: anasema E flati ni ufunguo wa ibada, G ni wa furaha, D maina ni wa majonzi, na kwamba mambo hayo yameandikwa vitabuni. Je, ni kweli kwamba kila ufunguo una hisia yake?
Mwalimu wa kwaya, Nyakato

JIBU: Mwalimu, vitabu anavyovitaja mpiga kinanda wako vipo kweli. Kinachojulikana zaidi ni cha Mjerumani Christian Schubart, ambaye aliyaandaa mawazo yake miaka ya 1780 akiwa kifungoni katika ngome ya Hohenasperg, na kitabu kikachapishwa mwaka 1806, miaka 15 baada ya kifo chake. Humo alieleza tabia ya kila ufunguo. E flati meja (meja ni ngazi ya noti yenye makazi kwenye do, na maina ni ile yenye makazi kwenye la) aliiita ufunguo wa upendo, wa ibada na wa mazungumzo ya faragha na Mungu, akaongeza kwamba zile flati zake tatu, yaani noti zilizoshushwa nusu toni, zinaashiria Utatu Mtakatifu. Kuhusu E flati maina alisema kwamba kama mizimu ingeweza kusema, usemi wake ungekaribiana na ufunguo huo.

Tatizo ni kwamba karibu karne nzima kabla yake, Mfaransa Marc-Antoine Charpentier, mtunzi aliyeandika muziki mwingi wa kanisa, alikuwa amekwisha kuandika orodha yake mwenyewe, na humo E flati meja imeitwa katili na ngumu. Hiyo D maina ambayo mpiga kinanda wako anaitengea majonzi, Charpentier aliiona kuwa nzito na ya uchaji. Mashahidi wawili wakipingana namna hiyo juu ya mtu mmoja, hakimu hana budi kutafuta ushahidi mwingine.

Hata hivyo, si haki kudhani kwamba watu hao walikuwa wakibuni tu, kwa sababu vinanda vya zama zao havikulinganishwa sauti kama hicho chenu. Kinanda cha leo kimeigawa oktavu, yaani kutoka do hadi do inayofuata juu, katika nusu toni 12 zilizo sawa kabisa, kila moja ikiipita iliyo chini yake kwa karibu asilimia 6 ya mitetemo, na kwa hiyo umbali kutoka do hadi mi haubadiliki, uanzie C, uanzie E flati au uanzie F shapu. Zamani mafundi waligawanya oktavu kwa njia ambazo hazikuwa na usawa huo: funguo zenye shapu au flati chache zilipata mi iliyotulia vizuri juu ya do, na zile zenye nyingi zilipata mi iliyopanda kupita kiasi, yenye ukali ambao hata sikio lisilo na mafunzo huusikia. Johann Sebastian Bach alipokusanya mwaka 1722 vipande vya kinanda katika funguo zote 24, wataalamu wengi wanaamini kwamba alikusudia ulinganishaji ambao funguo zote zinapigika lakini hazifanani. Wakati huo kusema kwamba ufunguo fulani ni mpole na mwingine ni mkali kulikuwa na msingi unaosikika. Kwenye kinanda chenu msingi huo haupo tena.

Isitoshe, E flati yenyewe haikukaa mahali pamoja. Ufaransa iliweka sheria mwaka 1859 kwamba noti ya A, ambayo ala nyingine zote hulinganishwa nayo, iwe na mitetemo 435 kwa sekunde. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ukapendekeza 440, na kiwango hicho kikathibitishwa kimataifa mwaka 1955. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na mazoea yake, na katika Ujerumani ya Bach vinanda vya makanisani mara nyingi vilikuwa juu kuliko ala za nyuzi kwa toni nzima au zaidi. Ikiwa Utatu Mtakatifu umo katika E flati, itabidi kwanza tuambiwe ni E flati ya mji gani.

Pamoja na hayo yote, mimi naona wazee wako wamesikia jambo la kweli, ila wamelipa sababu isiyo yake. Chukua karatasi yako ya solfa. Pale juu panaposema do ni E flati, ukiandika do ni C hakuna herufi hata moja ndani ya wimbo itakayobadilika, lakini koo za watu zitabadilika sana. Kama wimbo unafika mi ya juu, katika E flati sauti ya kwanza walikuwa wakiigusa G, mahali ambapo mwimbaji wa kawaida wa parokia lazima ajaze pumzi, afungue mdomo na ajitutumue. Katika C wanaishia E, na wanaifikia bila jasho. Ni kweli wamepumzika, lakini ule msisimko wa mtu anayejitoa kwa nguvu zake zote umeondoka pamoja na uchovu. Teno, ambao mng'ao wao hutokea wanapokaribia kilele, wamerudishwa karibu na sauti ya mazungumzo. Besi ndio walioumia zaidi: so yao ya chini, ambayo katika E flati ina mitetemo kama 117 kwa sekunde, katika C inashuka hadi 98, na hapo besi wengi wasio na mafunzo hubaki wakichezesha midomo tu. Wimbo uliopoteza kilele chake na msingi wake kwa siku moja, mtu akisema umekufa hajatia chumvi sana.

Zaidi ya koo, kuna kumbukumbu. Watu wenye uwezo wa kuitaja noti kwa kuisikia tu ni wachache mno. Inakadiriwa ni mmoja katika watu 10,000. Lakini mwaka 1994 mtafiti Daniel Levitin aliwaomba watu wa kawaida waimbe nyimbo walizozizoea kutoka katika rekodi, na idadi isiyo ndogo iliangukia palepale au karibu na ufunguo wa rekodi, bila kupewa noti ya kuanzia. Wazee walioimba E flati miaka yote wana haki ya kuhisi kwamba wamehamishwa.

Kuna jambo jingine ambalo mpiga kinanda wako amelichanganya na hili. Kutoka G meja kwenda D maina si kubadili ufunguo tu, bali ni kubadili skeli yenyewe, kwa kuwa katika maina makazi ya wimbo yanahama kutoka do kwenda la, na hatua za ngazi zinapangika upya. Hapo ushahidi upo. Mwaka 1935 Mmarekani Kate Hevner aliwasikilizisha watu vipande vilevile, mara katika meja na mara katika maina, na wasikilizaji walielekeza maneno ya furaha kwenye meja na ya huzuni kwenye maina. Hata hivyo, uchunguzi uliofanyika Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 5 walitambua furaha na huzuni kwa kufuata mwendo wa wimbo tu, yaani haraka au polepole, na wale wa miaka 6 hadi 8 ndio walioanza kuzingatia pia meja na maina. Inaelekea basi kwamba sehemu kubwa ya hisia hiyo tunafundishwa na muziki tunaokua nao. Wewe mwenyewe pekua kitabu chenu cha nyimbo upande wa mazishi: nyingi utazikuta ziko katika meja, na watu hulia.

Wapigaji wa ala za nyuzi za asili, nanga ya Uhaya na litungu la kule Mara, hawajawahi kusumbuliwa na suala hili, kwa kuwa mpigaji hukaza nyuzi zake kufuata koo lake la siku hiyo. Fanya kama wao. Jaribu wimbo wako katika D, nusu toni moja tu chini ya E flati, mwendo ukiwa uleule, na usiwatangazie wazee umebadilisha nini. Ikiwa sauti ya kwanza bado wanachoka, nenda D flati, lakini usiteremke zaidi kabla hujasimama karibu na besi na kusikia kama so yao inatoka. Mpiga kinanda akisisitiza habari ya funguo takatifu, muulize kama hajawahi kupiga wimbo kwa vidole vya C huku kile kitufe cha kuhamisha sauti kikimfanyia kazi ya E flati. Nadhani atacheka.

SWALI: Mhariri, ninapiga gitaa katika bendi ya dansi hapa Bukoba. Kijana mmoja wetu ameweka programu ya kutuni kwenye simu yake isome noti ya A kuwa mitetemo 432 kwa sekunde badala ya 440, akidai kwamba 432 hutuliza moyo na hata kuponya mwili. Tumfuate?
Mpiga gitaa, Bukoba

JIBU: Tofauti kati ya 440 na 432 haifiki hata nusu ya nusu toni, ni kama theluthi moja yake. Namba 432 yenyewe imetokana na sekunde, ambayo ni kipimo walichokipanga wanadamu, na mwili hauna saa ya kuihesabia. Kuponya tuwaachie waganga. Gitaa likishushwa kidogo nyuzi hulegea kiasi, na mlio ukalainika, kwa hiyo inawezekana kijana anasikia kitu anachokipenda. Mkosi ni kwamba kinanda na saksafoni zenu ziko 440: A yake ikikutana na A yenu, sauti zitagongana mara 8 kila sekunde, na huo mtetemeko wachezaji watausikia kabla yenu. Kama kinanda chenu kina sehemu ya kushusha mlio kidogo kidogo, na mpulizaji wa saksafoni yuko tayari kukivuta nje kidogo kile kipande cha saksafoni anachopulizia, shukeni wote pamoja. La sivyo, kijana airudishe 440 kabla ya onyesho la Jumamosi.