Maswali ya wiki: bumu lililokwisha, P2 tatu kwa mwezi, na mwalimu anayeita jioni

UE, mitihani ya kufunga muhula, inaanza baada ya wiki mbili. Vimbweta vya kujisomea vya Chuo Kikuu, Mlimani, vimejaa mpaka usiku wa manane, na simu yangu nayo imejaa maswali. Nimechagua yasiyoweza kungoja. Mnaouliza namna ya kuhama chumba, hili nimelijibu mara tatu muhula huu: nendeni kwa mlezi wa bweni lenu.

Shikamoo mama. Bumu limeingia wiki tatu zilizopita na nimebakiwa na elfu kumi na mbili. Nifanyeje mpaka lijalo?

Marahaba mwanangu. Tupige hesabu. Bumu ni pesa ya mkopo kutoka Bodi ya Mikopo, na anayepata kiwango kamili cha chakula na malazi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, na awamu moja ni ya siku 60. Hizo ni shilingi 600,000, na zinaingia kwa mkupuo. Mkupuo ndio unaowaponza, kwa sababu pesa ya miezi miwili ikiwa mkononi inaonekana kama pesa ya leo. Awamu ijayo jitengee 70,000 ya wiki, nyingine iweke mahali ambapo hutaifikia kwa kubonyeza simu mara mbili.

Kwa sasa, kama unakaa geto, chumba cha kupanga, tafuta wenzako watatu mchangie unga, maharage na mkaa, mpike sufuria moja. Waambie na nyumbani ukweli, usiwadanganye kwamba Bodi imechelewesha. Jambo moja hukuuliza, ila nalisema: usiguse mikopo ya kausha damu ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa aina hii huchukua majina yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa wanamwandikia mama yako, mjomba wako, hata mwalimu wako. Bora ule uji na andazi wiki nzima.

Bashi la kuwakaribisha mwaka wa kwanza ni lini na kiingilio bei gani?

Tangazo la sherehe hiyo liko kwenye ubao wa bweni lako, unapita mbele yake kila siku. Lisome.

Mama, mwezi huu nimemeza P2 mara tatu na siku zangu zimevurugika. Nimeharibu kizazi? Tunaaminiana na mwenzangu.

Hujaharibu kizazi. P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, inachelewesha yai kutoka, na kuimeza mara kwa mara kunavuruga hedhi. Hata hivyo pima mimba kwanza, maana dawa hii huweza kushindwa, hasa ukichelewa kuimeza. Ni ya ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Mimba ikishatunga, haiitoi. Tena ni dawa ya dharura. Mara tatu kwa mwezi si dharura, ni utaratibu, na utaratibu una njia zake: vidonge vya kila siku, sindano ya miezi mitatu, kijiti. Kwenye vituo vya afya vya serikali uzazi wa mpango hutolewa bure. Nenda wiki hii.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuuliza, na karibu hakuna binti anayeniuliza. Wote mnaogopa mimba. VVU hamvitaji.

Nilipokuwa mlezi wa bweni, binti wa mwaka wa kwanza alikuja ofisini kwangu Alhamisi asubuhi. Jambo lilikuwa limetokea Jumamosi usiku, baada ya bashi, na kijana ambaye hakumjua vizuri. Jumapili asubuhi alimeza P2. Akafungua kimfuko chake cha kalamu, akanitolea pakiti tupu ili nione kwamba alikuwa mwangalifu. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Dawa ya kuzuia VVU baada ya tendo, PEP, nayo lazima ianze ndani ya saa 72, halafu inamezwa kila siku kwa siku 28. Muda ulikuwa umepita. Siku zote zile alikuwa akipita mbele ya zahanati akienda darasani. Dawa moja aliijua, na ya pili hakuna aliyemwambia, hata mimi sikuwahi kumwambia. Nilimsindikiza kupima siku ile, na tena baada ya miezi mitatu. Alikuwa salama, lakini ile miezi mitatu hakuisoma hata kurasa kumi.

Basi, wewe na mwenzako mkapime wote wawili. Kuaminiana si kipimo. Na P2 haizuii VVU wala kaswende. Kondomu inasaidia kuzuia vyote viwili.

Usiku wa kuamkia mtihani ninaweza kunywa enaji ngapi?

Hata moja usinywe. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Ukinywa saa nane usiku, saa moja asubuhi nusu yake bado unayo: moyo unakwenda mbio, mkono unatetemeka, na usingizi ambao ungeyakaza madesa, yale uliyosoma, kichwani umeukosa. Piga msuli mchana, usiku ulale. Na mnaochanganya enaji na pombe, acheni kabisa, maana inakuficha ulivyolewa na unazidisha bila kujua.

Mwenzangu chumbani amembeba mtu asiye na chumba, anamlaza kwetu tangu Novemba. Nalala vibaya. Nimshitaki?

Zungumza naye kwanza, leo, na mbebwa akiwepo. Najua vyumba havitoshi na mbebwa naye hana pa kwenda, lakini nawe una UE. Mkishindwana, nenda kwa mlezi.

Mwalimu ameniambia kozi weki yangu, alama za kazi za muhula, haionekani, nimfuate Jumamosi jioni nje ya chuo tuimalize. Rafiki zangu wanasema ninyamaze nisije nikadisko, nikafukuzwa chuo kwa kufeli.

Usiende. Usiende hata na rafiki. Kozi weki hutafutwa idarani, mchana, mlango ukiwa wazi. Anayetumia alama zako kukutaka kimwili anatenda kosa la rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kwenye kifungu cha 25. Ujumbe wake usiufute. Upige picha, umtumie mtu mzima unayemwamini, kisha uandike kwenye daftari tarehe, saa na maneno yenyewe. Peleka yote Dawati la Jinsia la chuo, au piga TAKUKURU namba 113, haikutozi kitu.

Rafiki zako wanakupenda, ila hapa wamekosea. Ukinyamaza, muhula ujao atamwita mwingine. Na usingoje UE iishe, simu huibiwa na ujumbe hupotea. Ukiogopa kwenda peke yako, niandikie leo jioni. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, na nitakaa nje nikusubiri.