Kifaranga kazubaa ghafla? Kwanza niambie ana siku ngapi

Wiki hii maswali karibu yote ni ya vifaranga waliototoleshwa nyumbani, na nusu yenu mmenitajia rangi ya kinyesi mkasahau umri. Kifaranga wa siku 3 na wa wiki 4 wakihara, mara nyingi ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Nina vifaranga 14 wana wiki nne, jana walikuwa wanakimbizana, leo wawili wamekufa, wengine wameshusha mabawa na kinyesi kina damu. (Mama wa Mbagala)

Pole mama. Wiki ya 3 mpaka ya 6 ukiona damu, fikiria koksidiosi kwanza, yani kuhara damu. Nenda duka la dawa za mifugo leo, sio kesho, ulizia yenye amprolium, fuata kipimo cha kwenye pakiti, kwa kawaida siku 5 hadi 7 kwenye maji na wasipate maji mengine pembeni. Sasa hapa ndo wengi tunaharibu, unawaona wamenyong'onyea unawahurumia unawachanganyia na vitamini humo humo. Amprolium imefanana na vitamini B1, kile kijidudu kinacholeta koksidiosi kinaibeba kikijua ni chakula, sasa ukimwaga na B1 yenyewe dawa umeshaipunguza nguvu. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikazunguka mtaa mzima nasema dawa ni feki, kumbe feki mimi. Vitamini subiri dozi iishe. Halafu chota maranda ya bandani uyafumbate, ukifungua mkono yakabaki donge ujue yamelowa, toa yote weka makavu, maana mayai ya hao wadudu yakipata unyevu na joto siku moja mbili tu yako tayari kuambukiza. Chombo cha maji kipandishe juu ya tofali, kiwe usawa wa mgongo wa kifaranga, wasikikanyage.

Wangu wana siku 3, huku nyuma kinyesi cheupe kimeganda kimeziba kabisa, wanalia tu.

Usikivute kikavu utamchuna! Pamba na maji ya uvuguvugu, lowanisha mpaka kilainike, futa, mkaushe kabla hujamrudisha. Kisha angalia joto, wiki ya kwanza wanataka kama nyuzi 32 hadi 35 pale chini walipo wao. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wametweta mdomo wazi umewachoma. Ukirekebisha joto wakaendelea kufa kila siku, hiyo inaweza kuwa pulorumu, ugonjwa wa bakteria ambao mama anaupitisha kwenye yai, kwa hiyo muite mtaalamu wa mifugo na usiatamishe tena mayai ya hao kuku mpaka wapimwe.

Umeme ulikatika nikawawekea jiko la mkaa chumbani nikafunga vizuri, asubuhi wote chali. Ni kideri?

Hapana ndugu yangu, ni hewa ya mkaa. Na wewe ushukuru hukulala humo. Siku nyingine acha upenyo juu.

Wana wiki sita, 9 wamekufa ndani ya siku mbili, mharo wa kijani, mmoja kapinda shingo. Nipe dawa.

Hiki ndo kinafanana na kideri, wengine mnaita mdondo, na dawa ya kukitibu hamna, anayekuuzia anakula hela yako. Toa taarifa kwa afisa mifugo, mizoga fukia shimo refu au choma, na nakuomba sana usiwawahishe waliobaki sokoni, ndo hivyo kinavyohama kijiji mpaka kijiji. Kundi lijalo chanja mapema, ile chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Na uliyeuliza kama pilipili inatosha badala ya chanjo, haitoshi, weka kwenye mchuzi.