Ukienda kwa mganga wa mitishamba, usifiche vidonge vyako

Mama yangu ana kisukari, na kama wazee wengi wa hapa Dodoma, mizizi ndiyo anayoiamini. Sikubishana naye. Nilimpeleka mwenyewe kwa mganga wa tiba asili karibu na soko la Majengo, nijue anakunywa nini.

Mzee yule alianza kwa maswali. Mama, hospitali wanakupa dawa gani? Unakula saa ngapi? Umewahi kuzirai? Mama alipotaja metformin, kidonge cha kushusha sukari, mzee akasema mlonge hatampa kwanza: nao hushusha sukari, na vikikutana viwili sukari inaweza kuporomoka. Akamtaka aongee na daktari wake kabla ya kurudi.

Mganga wa namna hiyo ndiye wa kumtafuta. Shida ni sisi wagonjwa. Kwa mganga tunaficha vidonge, kliniki tunaficha mizizi kwa kuogopa kufokewa na nesi. Tafadhali, sema kote kote. Na mgonjwa wa sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, sukari huenda imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, kisha hospitali.

Mimi sipokei unga usio na jina. Jani, gome au mzizi mtu mwingine anaweza kuutambua, unga uliosagwa ni vigumu. Andika jina la mti, uliza kijiko kipi, mara ngapi, kwa siku ngapi. "Kunywa tu mpaka upone" si kipimo.

Omba pia kuona cheti. Kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, waganga husajiliwa na Baraza la tiba hizo, na aliyesajiliwa hana sababu ya kukasirika ukimuuliza. Akianza kukwambia ugonjwa umetumwa na jirani au shangazi yako, nyanyuka uondoke. Huyo anapiga ramli, na ramli chonganishi imewagharimu vikongwe wengi maisha katika nchi hii.

Mjamzito asinywe mwarobaini, na mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake; yanaweza kumletea degedege. Mtoto akiwa na homa, zahanati kwanza, apimwe malaria siku hiyo hiyo.