Shangazi wa Sinema: "Tuliobaki na Walioondoka Hatusemezani"

Shikamoo Shangazi. Mimi na wenzangu sita tuliangalia *Kaboom* ya Gregg Araki, ile ya mwanafunzi wa chuo huko Marekani anayesomea filamu, anaota ndoto zinazomrudia, analala na wavulana na wasichana, huku watu waliovaa vinyago vya wanyama wakimwandama. Wawili waliondoka kabla hatujafika nusu. Mmoja alibaki lakini akasema ni uchafu uliopakwa rangi nzuri. Mwingine alishangilia mpaka mwisho, akasema hajawahi kuona filamu inayomjua hivyo. Mimi nilicheka, nikaogopa, na mwishoni nikahisi nimeibiwa. Sasa hatusemezani. Walioondoka wanatuita wapotovu, nasi tunawaita washamba. Nani ana haki?
*Niliyebaki Kitini*

Marahaba mwanangu. Kuna neno umeliandika haraka ukalipita, nami nimelirudia mara tatu: "nimeibiwa". Hukuandika kwamba umeaibika wala kwamba umechukizwa. Tuanzie hapo.

Kwa miaka 11 niliongoza kikundi cha filamu chuoni. Nilikuwa nakaa safu ya nyuma kabisa, pembeni ya projekta, na daftari dogo mapajani. Kila mtu aliyeinuka kwenda zake nilimwandikia dakika. Jina sikuandika, dakika tu. Hiyo *Kaboom* ina dakika 86. Usiku nilioionyesha, watu watatu walitoka ndani ya nusu saa ya mwanzo, wote wakati wa matukio ya kitandani. Walitoka kimya, mmoja aliinama njia nzima asiwazibe wenzake. Baada ya hapo sikuandika kitu kwa muda mrefu. Kelele zilianza zikiwa zimebaki kama dakika 10. Kijana wa safu ya tatu alisimama, mikono kichwani, akasema kwa sauti, "Hapana, hapana, si hivi!" Hakwenda popote. Alisimama vile vile mpaka majina ya wasanii yakaanza kupanda.

Ndiyo maana siamini kwamba filamu hii inawagawa watu kwa sababu ya aibu peke yake. Wale watatu walijua wasichokitaka, wakaondoka kwa heshima. Hasira niliyoishuhudia mimi ilikuwa ya waliobaki.

Kumbuka mnavyoingizwa. Smith, yule mwanafunzi, anatembea kwenye ukumbi mrefu ndani ya ndoto, anapishana na watu anaowajua na wengine ambao bado hajawajua. Anakaribia kutimiza miaka 19. Anamtamani Thor, anayeishi naye chumba kimoja. Rafiki yake Stella ana mpenzi, Lorelei, mwenye nguvu za kichawi, na mpenzi huyo hakubali kuachwa. Yote yanakuja kwa rangi kali, kama peremende zilizomwagwa mezani. Katika umri huo mwili unatangulia na akili inafuata nyuma ikihema, na mpenzi uliyemwambia "basi" anaweza kukujia usiku hata kama mlango umefungwa. Hapo Araki hadanganyi. Saa nzima anakuahidi kwamba ndoto hii ina maana, nawe unakusanya vidokezo kama mtu anayeokota shanga.

Halafu mwisho unafika mbio mbio. Wahusika wanaanza kueleza: wenye vinyago ni nani, baba yake Smith yuko wapi, kundi la siri linataka nini. Maelezo yanamwagwa, na dunia inalipuka. Aliyekuwa anaokota shanga anaona zimepigwa teke. Aliyekuwa anaelea tu ndani ya ndoto anapiga makofi, maana ukiwa na miaka 19 kila kitu ni mwisho wa dunia.

Unataka hukumu yangu? Mlipuko naupenda. Nisichokisamehe ni yale maelezo kabla yake. Mwaka 1929, mwongozaji Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí walipoandika *Un Chien Andalou*, filamu fupi ya ndoto, walikubaliana kwamba picha yoyote inayoweza kuelezwa kwa akili ya kawaida haitaingia. Buñuel alisimulia baadaye kwamba siku ya onyesho la kwanza, Paris, alisimama nyuma ya skrini na mawe mifukoni, akihofia watazamaji watamvamia. Walishangilia, akayaacha mawe yake. Mwaka uliofuata alitoa *L'Âge d'or*, na katika ukumbi wa Studio 28, jijini humo humo, wafuasi wa makundi ya mrengo wa kulia waliirushia skrini wino na kuharibu michoro iliyotundikwa ukumbini. Polisi wakaipiga marufuku. Mwongozaji ni yule yule na jiji ni lile lile, na ukumbi mmoja ulimpa makofi, mwingine wino. Lakini filamu zenyewe hazikusimama katikati kujieleza. *Kaboom* inaiamini ndoto kwa zaidi ya saa nzima, kisha inaingiwa na hofu na kuanza kutoa ufafanuzi. Hapo ndipo ulipoibiwa mwanangu, na hisia yako ni ya haki.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hamkuulizana: kila mmoja alikuja akitokea wapi? Anayemjua Araki wa *The Doom Generation* (1995) na *Nowhere* (1997) alijua anakwenda kwenye fujo, tamaa na maangamizi. Hiyo ya 1995 hata Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa sana Marekani, hakuipa nyota hata moja, na wapo wanaoipenda mpaka leo. Lakini aliyemjua kwa *Mysterious Skin* (2004), filamu ya huzuni kubwa kuhusu wavulana wawili walioumizwa utotoni, alikaa akingoja machozi. Akaletewa sherehe. Lazima aseme ni upuuzi.

Na yule wenu aliyeshangilia, nakuomba umsikilize kwa utaratibu. *Kaboom* ilikuwa filamu ya kwanza kupewa Queer Palm, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2010, tuzo ya filamu zinazogusa maisha ya wapenzi wa jinsia moja na wenzao wasiofuata njia ya wengi. Filamu nyingi zilizopita zilimfanya mhusika wa aina ya Smith alipie tamaa yake: anakufa, anafukuzwa, anaugua, anajuta. Smith haadhibiwi kwa kupenda. Dunia inamlipukia kama inavyowalipukia wote. Kwa mtu ambaye amengoja miaka mingi kuona hivyo, hilo linatosha kumwinua kitini, hata kama hadithi ina matundu. Simjui rafiki yako, wala sisemi yeye ni nani. Nasema tu kwamba alisema filamu inamjua, na maneno hayo mtu hayasemi ovyo mbele ya watu sita. Usimuulize mbele za watu.

Walioondoka waendee wewe, na usibebe hoja za filamu. Kuondoka ni jibu kamili. Mtu ana haki ya kuamua macho yake yaangalie nini, na kumwita mshamba kwa hilo ni ukatili. Nao wakikuita mpotovu, waambie ukweli: kwamba ulicheka, ukaogopa, ukakasirika. Mtu akisikia hivyo anaona kwamba hukuwa umekaa pale unakodolea macho miili.

Shangazi, naandaa onyesho la filamu yenye matukio ya ngono. Niwaonye watu, au nitaharibu utamu?
*Mwandaaji*

Waonye, na uwe wazi. Usiseme "ni ya watu wazima" ukaishia hapo, maana kila mtu atajaza pengo kwa anayoyafikiria. Sema kuna uchi, kuna ngono, kati ya nani na nani, kuna dawa za kulevya, kuna vitisho. Sentensi tatu zinatosha, na hazifichui hadithi. Kisha acha viti vitupu karibu na mlango, na taa ya njia ya kutokea iwake.

Shikamoo. Nimetengeneza filamu ya dakika 12 kwa ajili ya darasa, ya ndoto, na ndani yake kuna busu refu. Nusu ya darasa walipiga makofi, nusu wakanyamaza. Mwalimu anataka niongeze tukio la kuieleza ndoto. Pia mwigizaji wangu wa kike ameniambia sasa hajisikii vizuri na lile busu. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba. Umeliweka la pili mwishoni, nami naliweka mbele. Kaa na huyo dada leo, msikilize bila kujitetea, na asipotaka busu lile lionekane, likate. Filamu yako itapona. Kabla hujapiga filamu nyingine, jifunze kazi ya mratibu wa matukio ya faragha, ambayo seti za Marekani zilianza kuizoea mwaka 2018, kituo cha televisheni cha HBO kilipomweka Alicia Rodis kufanya kazi hiyo kwenye tamthilia yake ya *The Deuce*: kila mguso unakubaliwa mapema, unafanyiwa mazoezi kama hatua za ngoma, na mwigizaji anaweza kusema hapana hata kamera ikiwa tayari.

Kuhusu ndoto, mheshimu mwalimu wako lakini usiongeze hilo tukio. Huenda walionyamaza walichoka, au hawakuona sura ya mhusika vizuri, au sauti ilikuwa chini. Waendee mmoja mmoja, uwaulize swali moja tu: ni dakika gani uliangalia saa? Dakika hizo ziandike kwenye daftari. Wakikutajia dakika moja watu watatu au wanne, rudi kwenye meza ya uhariri ukaanze na dakika hiyo.