Maswali na Majibu: Baiskeli ya watu wawili, uzito upungue wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Mdogo wangu haoni, na tumepata baiskeli ya watu wawili ya mtumba ili tuwe tunatoka pamoja. Ni ya chuma, mizani imesoma kilo 23. Tuna laki tatu za vifaa vyepesi. Tuanze na kipi? (Ipagala, Dodoma)

Jibu: Marahaba, na hongereni sana. Kabla hujatoa shilingi, shika spana. Fungua keria, stendi, madigadi za chuma na kikapu kama hamvitumii. Vikikusanywa vinakaribia kilo mbili, na hujalipa kitu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme nyinyi wawili mna kilo 130, baiskeli 23, maji lita 4: jumla kilo 157. Ukipunguza kilo moja hapo hujafikisha hata asilimia 1. Kilima cha kuwachukua saa nzima mtakimaliza mapema kwa sekunde 23 hivi. Kwa hiyo usimalize hela kwenye vikorokoro vya gramu kumi kumi.

Peleka hela kwenye magurudumu. Rimu ya chuma ya inchi 26 inakaribia kilo moja. Ya alumini ni nusu kilo na kidogo, tena breki huikamata vizuri zaidi ikilowa. Hela ikibaki, tazama foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Foku ya springi ya bei ya chini hufika kilo mbili na nusu. Ya chuma isiyo na springi, ile iliyotengenezwa kubeba watu wawili, inaweza kupunguza kilo nzima. Ila usiazime foku ya baiskeli ya kawaida, kwani ikikatika mnaanguka kwa uso, wote wawili.

Siti ya mdogo wako usiiguse. Kama nguzo yake ina springi, iache na uzito wake. Wewe ukiliona shimo unajiinua. Yeye linampiga akiwa amekaa. Na uzoee kumwambia "shimo!" mapema, kila mara, hata mkiwa mmechoka.

Swali: Rimu za mtumba pale Sabasaba zote zinang'aa. Nitajuaje ipi ni alumini? (Makole)

Jibu: Nenda na sumaku. Hata ile ya spika mbovu inatosha. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa kromu. Isiponasa, ni alumini. Ukishajua hivyo, pitisha kidole pale breki zinaposugua. Ukikuta pameliwa pakawa kama kijibakuli, usinunue hata kwa bei ya bure, maana ukuta umeshakuwa mwembamba na tairi likijazwa upepo litaupasua.

Swali: Nimepata magurudumu ya baiskeli ya mashindano, mepesi kweli, spoku 24. Yatabeba watu wawili? (Chang'ombe, Dodoma)

Jibu: Hapana, kaka. Baiskeli ya watu wawili inataka spoku 36 kwa uchache, na nyingi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina 40. Ukitaka kuona sababu, chukua spoku iliyokatika. Mara nyingi imekatikia kwenye kiwiko, pale inapojikunja kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na mpasuko wake ni mnyoofu kama umekatwa kwa msumeno. Huo ni uchovu wa chuma: kila gurudumu likizunguka, spoku inalegea na kukazwa, na mzigo wa watu wawili unaongeza mchezo huo. Kama unataka wepesi, omba spoku zilizonenepa kwenye ncha na kupungua katikati, milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati. Ni nyepesi, na zinadumu kuliko zile nene mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ile sehemu nyembamba inavutika kidogo na kukipunguzia kiwiko kazi. Bei yake imezidi, lakini hapa nakushauri ulipe. Baada ya safari za kwanza rudi kwa fundi azikaze upya.

Swali: Niweke tairi nyepesi na tyubu nyembamba? (Kongwa)

Jibu: Kwa mbigili na miba ya migunga ya huko kwenu? Hapana. Toa tairi la meno makubwa uweke la meno madogo, hapo gramu mia mbili zinaweza kuondoka na baiskeli itateleza vizuri barabarani. Unene wa katikati ya tairi uache.

Swali: Yetu ina breki ya dramu (ile ya ngoma kwenye habu) nyuma, nzito karibu kilo moja, juu ya breki mbili za rimu. Tuifungue? (Manyoni)

Jibu: Tafadhali, msifungue. Nyinyi mnaoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi mnaihitaji kuliko wengi. Kilo 160 zikishuka mita 300, nguvu inayotakiwa kumezwa ingeweza kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Upepo unabeba sehemu. Inayobaki inaishia kwenye breki. Mkizitegemea za rimu peke yake, rimu inachemka, upepo wa ndani unapanuka, tairi linaweza kuchomoka mkiwa kwenye kona. Dramu ndiyo ya kushikilia mwendo mteremko mzima, za rimu ni za kusimama.

Swali: Usukani wa kaboni wa mtumba, nichukue? (Area C)

Jibu: Usichukue. Kaboni iliyowahi kuangushwa haionyeshi jeraha, na hukatika ghafla.

Swali: Krenki (mikono inayoshika pedeli) za alumini za baiskeli ya watu wawili ni ghali mno kwa sisi wanafunzi. Kuna njia? (UDOM)

Jibu: Ipo. Nunueni seti mbili za krenki za kawaida za baiskeli ya milimani, kisha cheni zote mbili zikae upande wa kulia: ya kuunganisha pedeli za mbele na nyuma, na ya kwenda gurudumuni. Mtapoteza gia moja ya mbele, basi. Asiwadanganye mtu kuhamishia krenki ya kulia upande wa kushoto ili kupata mpangilio wa kiwandani, ule wa cheni ya kuunganisha kukaa kushoto. Hesi za tundu lake la pedeli zimechongwa kinyume na zinazotakiwa kushoto, na pedeli itajifungua yenyewe mkiwa njiani.