Mbwa kurusha miguu usingizini
Mkuu, umeuliza kama mbwa wako kurusha miguu akiwa amelala ni kifafa, mara nyingi wala sio, anaota tu. Iko hivi, akiingia kwenye usingizi wa ndoto ubongo unachemka karibu kama yuko macho, sasa shina la ubongo, kile kipande cha chini kinachoungana na uti wa mgongo, linazima misuli ili asiinuke akakimbiza paka wa ndotoni akajibamiza ukutani. Ila breki haishiki yote, ndo maana unaona vidole vinachezacheza, masharubu yanatetemeka na anabweka mdomo umefumbwa. Macho na msuli mkuu wa kupumua haviguswi, la sivyo angekufa kila akiota 😅

Michel Jouvet, mtafiti wa usingizi kule Ufaransa, aliharibu hako kasehemu ka shina la ubongo kanakozima misuli kwa paka, basi wakawa wanainuka usingizini wanavizia na kurukia kitu ambacho hakipo, mi hiyo bado inanishangaza.

Ila akikakamaa mwili mzima, akajikojolea, ukamwita hata hashtuki, hiyo sio ndoto tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo.