Umekomiti, lakini umepushi?

Mkuu, umesema umekomiti siku tatu mfululizo na mwenzako bado haoni kitu. Haoni kwa sababu hakuna kilichomfikia. Komiti ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), yaani hatua ya kazi uliyoihifadhi, inakaa kwenye mashine yako, ndani ya folda iliyofichwa ya .git, mpaka uipeleke kwenye seva kwa git push.

Mimi nilitokea Subversion, programu nyingine ya aina hiyo, ambako ukikomiti tu kazi imeshafika kwenye seva. Nikaingia Git na mazoea yaleyale. Wiki nzima nakomiti, nimetulia tuli, kisha diski ikafa na komiti zangu 11. (Habari za bakapu usiniulize.)

Baada ya hapo nikawa napushi kila saa, na hapo ndipo nilipoharibu kazi ya mtu. Jioni moja, nikiwa nimeshapushi, nikaona nimekosea herufi kwenye ujumbe wa komiti. Nikapiga git commit --amend. Kumbe hiyo amri hairekebishi komiti, inatengeneza nyingine yenye utambulisho mpya, na ile ya zamani inabaki kwenye seva. Nilipopushi nikakataliwa. Badala ya kusoma naambiwa nini, nikaongeza --force. Ikapita, yaani tawi langu (mfululizo wangu wa komiti) likachukua nafasi ya lile la kwenye seva. Asubuhi mwenzangu ananiuliza komiti zake mbili ziko wapi. Alikuwa amezipushi jioni ileile, kabla ya fujo zangu. Bahati nzuri bado alikuwa nazo kwenye mashine yake. Akazipachika juu ya komiti yangu kwa git cherry-pick, yakaisha.

Siku hizi nikilazimika natumia --force-with-lease. Hiyo hugoma ikikuta tawi la kwenye seva si lile uliloliona mara ya mwisho. Ila ukifanya git fetch (kuchukua habari mpya kutoka kwenye seva) bila kuangalia kilichoingia, nayo itakupitisha.

Komiti ambayo hujaipushi ichezee utakavyo: iunganishe, igawe, ibadilishe jina. Ikishafika kwenye tawi la pamoja, kosa liondoe kwa komiti mpya au git revert, inayotengeneza komiti ya kutengua ile yenye kosa.

Halafu origin/main, jina la tawi kuu la kwenye seva, isikuzuge. Iko kwenye mashine yako hiyohiyo, ni kumbukumbu ya mara ya mwisho ulipowasiliana na seva. Git status inaweza kukwambia uko sawa nayo wakati wenzako wamepushi tangu asubuhi. Piga git fetch kwanza, kisha git log origin/main..HEAD (HEAD ni komiti uliyopo sasa). Orodha itakayotokea ndiyo kazi ambayo mwenzako haioni.